Mama Alikuwa Akimsimulia Baba

Nilianza kutengeneza video kwa hasira. Mteja mmoja alikaa kwenye kiti changu pale saluni Nyasho, Musoma, akafungua simu, akanionyesha msusi wa Dar es Salaam akisuka kwa madaha, akaniambia nimsuke kama yule. Nikatazama. Yule msusi alikuwa anavuta nywele mpaka nyusi za mtu zinapanda, na mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Nikamwambia mteja wangu hivyo hivyo. Akasema, lakini ana watu wengi wanaomfuata. Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshika kichwa chake na sikutaka kumuumiza.

Wiki ile ile nikanunua stendi ya simu, ile ya miguu mitatu ambayo mmoja hulegea, nikaanza kujirekodi. Ilikuwa aibu tupu. Mikono yangu inajua kazi, lakini mdomo ukiona kamera unakauka. Nilisema "hamjambo wapenzi watazamaji" kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe mnadani. Walioangalia video ya kwanza ni mimi, shemeji yangu, na mimi tena nikihakikisha kwamba imepanda.

Aliyeninusuru ni rafiki yangu wa Kabasa, kule Bunda mjini. Tulijuana kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa watu, yeye kaleta vitenge vya kamati, mimi nimeletwa kusuka. Alikuwa na chaneli ya kuonyesha namna ya kufunga vilemba na tayari watu walikuwa wanamjua. Nilipomlilia kwamba mimi hawanioni, aliniuliza kwetu kuna nini ambacho mtu wa Dodoma hana. Nikamjibu kwa kejeli kwamba kwetu kuna mawe, ng'ombe na wazazi wawili wakaidi.

"Si ndo hicho sasa," akasema. "Wewe unahangaikaga na nywele za nini?"

Kwetu ni Buswahili, wilaya ya Butiama. Watu wakisikia jina hilo hudhani tunazungumza kama wa Unguja, kumbe Kiswahili kwetu ni cha shule, cha kanisani na cha mgeni. Nyumbani ni kilugha. Mama yangu alijifunza Kiswahili ukubwani, na alikitumia kama viatu vya Jumapili: anavaa akitoka, anavua akirudi.

Baba yangu haoni. Macho yake yalizimika taratibu kwa presha ya macho, na tulipomfikisha kwa wataalamu wakatuambia tumechelewa. Miaka ile ya mwanzo alikuwa mtu wa kugombana na kila kitu. Alipiga teke ndoo, aligombana na kiti kilichosogezwa, alimkaripia mama kwa kupita mbele yake kimya kimya kama mwizi. Mama hakujibizana naye. Alianza tu kumwambia kila alichokuwa anafanya, palepale anapokifanya. Sasa nafagia upande wa zizi. Sasa kuku mweupe amepanda juu ya kinu. Sasa naosha kibuyu, kimebaki na harufu ya jana, nitakifukiza tena. Alisema kwa kilugha, kwa sauti ya kawaida, bila kupandisha wala kushusha, tangu anafungua mlango asubuhi mpaka anaufunga. Baba akatulia. Akaanza kuuliza maswali, tena ya uchokozi: huyo kuku mweupe ni yule wetu au wa jirani anayekula mahindi yetu? Wakawa wanacheka. Sisi watoto tuliozoea kuja likizo tulikuwa tukichoka na maneno yale, lakini wao hawakuchoka.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani na stendi yangu ya mguu mlegevu, nikamwambia mama anionyeshe namna ya kutikisa maziwa mpaka yatoe siagi, sikuwa na haja ya kumfundisha chochote. Mimi niliyesoma nilikuwa nimekauka mbele ya kamera, na yeye alikuwa anatangaza kila siku kwa miaka. Tofauti ni kwamba safari hii nilimwomba aseme Kiswahili, ili watu waelewe. Akavaa vile viatu vyake vya Jumapili. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akapakata kibuyu, akaanza kukiyumbisha huku akiitazama simu usoni kama anayemtazama mtu.

"Kibuyu hupigagi haraka," akasema. "Unaibembelezaga kama mtoto iko na homa. Ukiipigaga, maziwa inakasirika, siagi haitoki."

Baba alikuwa amekaa mlangoni, akauliza kwa kilugha anaongea na nani. Mama akamjibu kwamba anaongea na Tanzania nzima. Niliiacha sehemu hiyo humo humo, maana ilinifurahisha sana.

Video ile iliangaliwa. Nilikaa saluni nikiona namba zinapanda, nikawa nasuka huku nachungulia, mpaka mteja akaniuliza kama nina mgonjwa hospitalini. Halafu nikafungua komenti. Kulikuwa na wachache waliosema wamewakumbuka bibi zao. Wengine wote walikuwa wanacheka. Hawakucheka siagi, walicheka Kiswahili cha mama. "Maziwa inakasirika" iliandikwa na watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, na vikatuni vya kutoa machozi kwa kicheko. Nilijibu wa kwanza kwa matusi, wa pili kwa matusi makubwa zaidi, halafu nikaona nitamaliza bando langu bure.

Sikumwambia mama. Lakini mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenye mtoto Mwanza, alimwambia baada ya misa kwamba anavuma mjini, watu wanacheka mpaka basi. Alidhani anampa pongezi. Nilipokwenda tena nyumbani nilimkuta mama ni mpole kuliko kawaida yake. Alisubiri mpaka baba alipotolewa nje kuota jua, akaniomba niitoe ile video. Sikuweza kubisha. Nikaifuta mbele yake, na kwenye simu pia nikaifuta, maana alitaka aone imeondoka kabisa.

Nikamwambia basi tuache. Akakataa. Alisema kazi yenyewe ameipenda, anapenda kujua kwamba mtu wa mbali anaona mikono yake. Akaniambia kwa kilugha, "Mimi nitafanya, wewe ndiye utakayesema. Wewe Kiswahili chako hakichekwi."

Ndivyo tulivyofanya tangu siku ile. Rafiki yangu wa Kabasa alinifundisha namna yake: ile sauti ya pale pale unaizima yote, kwa sababu mtu akisikia kelele za kuku na upepo anapita, halafu unajifunika blanketi zito, unasoma maelezo yako humo ndani ukiwa umeshika simu karibu na kidevu. Blanketi linafanya sauti iwe nene, kama ya redioni. Nilikuwa natoka humo nimeloa jasho. Kisha unaweka muziki kidogo chini, na mambo yamekwisha.

Mama hakuwahi kunyamaza wakati narekodi. Angenyamazaje, na baba yuko mlangoni? Alikuwa anafukiza kibuyu huku anamwambia baba moshi umeingia vizuri. Alikuwa anasonga ugali wa mtama na muhogo huku anamwambia unataka kushika, subiri, sasa umeshika. Alimwambia mimi nimevaa nini, nimenenepa wapi, na kwamba napenda kuinama na simu kama kuku anayetafuta punje. Baba anajibu, wanacheka, mimi naendelea kurekodi. Nikirudi Nyasho nazima yote hayo, naingia chini ya blanketi. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo kama mfuko wa suruali ya mtoto, kwa hiyo video ikishapanda nafuta zile ghafi ili nipate pa kuweka za safari nyingine. Kila mtu anayefanya kazi hii kwa simu ya kawaida anafanya hivyo.

Zilipendwa. Nisijifanye mnyenyekevu, zilipendwa sana. Kijana mmoja wa bodaboda pale Nyasho aliwahi kunisimamisha akaniambia sauti yangu inamfanya alale vizuri. Mama alinitaka nimwonyeshe kila video ikishapanda, na akiwa anaitazama alikuwa anamsimulia baba pia: hapa naonekana namimina, hapa huyu mtoto ameikata haraka. Baba alisema nina sauti ya kusoma vifo redioni. Tulimcheka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua wakati ule, na ndiyo maana siku zile sizikumbuki vizuri kama hizi za baadaye.

Mama alipata kiharusi asubuhi moja ya kiangazi, akiwa anafagia. Aliyejua wa kwanza ni baba. Alinieleza baadaye, tena na tena, kama mtu anayetafuta kosa kwenye maelezo yake mwenyewe. Mama alikuwa anamwambia kwamba majani ya mwarobaini yamejaa tena mlangoni, na upepo huu, na hapo akaishia. Baba akangoja amalizie. Akamwuliza upepo huu umefanya nini. Akamwita. Kisha akatambaa kuelekea kule sauti ilikoishia, akipapasa ardhi kwa mikono, mpaka akashika ufagio na baada ya ufagio akaushika mkono wa mama. Alipiga yowe, majirani wakaja.

Nilitoka Musoma na nguo za saluni, nywele bandia zimeninasa kwenye sweta. Hospitali walifanya waliyoweza, nawashukuru. Mama alipona, kama huko ni kupona. Mguu wa kulia anauburuta, mkono wa kulia umelala, na maneno yamekwenda. Si kwamba yanatoka vibaya, hayatoki. Anaelewa kila kitu, anakasirika, anacheka kwa upande mmoja wa uso, anakuonyesha kwa macho kwamba chumvi iko pale. Kwa mtu anayeona, bado ni mama yangu mzima.

Kwa baba alikuwa ameondoka. Nilihamia Buswahili kwa muda, nikafunga kiti changu saluni, na nikaona kwa macho yangu jambo ambalo sitamani mtu alione nyumbani kwao. Baba alikuwa anamgeuzia mama uso pale anapodhani yupo. Asubuhi moja alizungumza muda mrefu, kwa upole, akamwomba radhi kwa mambo ya zamani ambayo mimi sikupaswa kuyasikia, na kigoda alichokuwa anakisemesha kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amekwenda chooni. Alirudi akiburuta mguu, akasimama, akasikiliza sehemu ya mwisho, na hakuwa na namna ya kumwambia kwamba ameisikia. Alimshika bega. Baba akashtuka, akajua. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Nilijaribu kushika zamu ya mama. Nilikaa jikoni nikawa namwambia baba: sasa mama anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, sasa amenikunjia uso. Kilugha changu ni cha mtoto aliyekulia shuleni Musoma. Maneno ya vitu vidogo vidogo sina. Majani ya mtama makavu yanaitwaje, sauti ya kibuyu kinapokaribia kutoa siagi inaitwaje, mama alikuwa na neno lake, mimi nasema "ile sauti." Baba alinivumilia. Kila nikimaliza aliniambia asante, kama anavyomwambia nesi. Nikaona bora nimwombe anisamehe tu, nikaacha.

Hapo ndipo aliponiomba simu. Alisema, si ulikuwa unampiga video? Niwekee nimsikie, hata chini ya sauti yako.

Nikaweka ya kwanza iliyokuwepo. Muziki, halafu sauti yangu nene ya chini ya blanketi ikieleza namna ya kukausha muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema huyu ni wewe. Nikaweka nyingine. Akasema huyu ni wewe tena. Niliweka nyingi kuliko nilivyohitaji, kwa sababu sikutaka kuwa mimi nitakayesema hazipo. Kwenye kioo mama alikuwa anaongea. Mdomo unacheza, anageuka upande wa mlango, anacheka jambo aliloambiwa na mwanamume aliyekaa pale, na juu yake ninanguruma mimi kuhusu vipimo vya maji.

"Lakini anaonekana?" baba akauliza.

Nikasema anaonekana vizuri.

"Basi wewe mwangalie," akasema, na akanirudishia simu bila uchungu wowote, jambo ambalo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilitafuta kila mahali. Mama hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti. Simu yake ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea tu. Kwenye video za harusi yupo, anacheza, na spika zimefunika kila kitu. Niliwauliza ndugu, niliwauliza wa kwaya. Nilimpelekea fundi wa simu pale stendi ya Bunda simu yangu ya zamani iliyopasuka, akaifungua, akaipuliza, akasema humu hamna kitu, dada. Maji yakimwagika hayazoleki, watu waliniambia hivyo kwa nia njema, nami nilitamani kuwapiga.

Aliyeipata ni yule rafiki yangu wa Kabasa. Alinipigia badala ya kuituma, na sauti yake ilikuwa inajivuta. Aliniuliza kama nimekaa.

"Kuna mtu aliihifadhigi ile ya kwanza kabla hujafuta," akasema. "Lakini shoga, wameifanyia mambo. Usiifungue mbele ya wazee."

Niliifungua nimesimama. Mtu nisiyemjua alikuwa ameichukua ile video ya siagi, akaikata, akabakisha kipande kidogo tu cha mama akisema maneno yale ya mtoto mwenye homa na maziwa yaliyokasirika. Juu ya maneno ameweka kicheko cha watu wengi, kile cha kununua kilichokwisha kurekodiwa, kinachopanda, kinashuka, kinapanda tena. Chini ya kicheko yupo mama. Anasikika. Ni yeye, na kile kikwaruzo cha kooni, na ile pumzi anayovuta kabla ya neno analolipenda. Rafiki yangu alijaribu kukitoa kicheko kwa mbinu zake zote. Kikitoka, na mama anatoka nacho. Walikuwa wameshikana.

Nilikaa na kitu kile kwenye simu siku kadhaa bila kumwambia mtu. Nilimtukana aliyekitengeneza kwa maandishi marefu, nikafuta kabla ya kutuma, kwa sababu niliogopa atakasirika akiondoe. Fikiria hilo. Nilimwogopa. Na nilikuwa nimekwama kati ya wazazi wangu: huyu anataka sauti, na mwenye sauti aliniomba kwa heshima yake yote niiondoe isisikike tena. Sikuona haki ya kumpa mmoja kwa kumvua nguo mwingine.

Mwishoni nikaamua kwamba mwenye mali ataulizwa. Mama alikuwa amekaa uani anamenya karanga kwa mkono mmoja, baba yuko hatua chache, kwenye kivuli cha ukuta. Nikachuchumaa karibu na mama, nikamweleza polepole nimepata nini na kimewekwa nini juu yake. Nikamwambia akikataa nafuta sasa hivi. Akanyoosha mkono akataka aone kwanza.

Nikapunguza sauti. Alijitazama akiwa na uso wake wa zamani, mikono yote miwili ikimbembeleza yule mtoto wa maziwa. Kicheko kilipoanza aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye simu. Hakulia. Nilijua aibu ile imerudi kwa sababu alivuta kitenge akafunika mdomo, kama anavyofanyaga mbele ya wageni tangu augue. Aliiangalia mara nyingine. Halafu akasimama, kwa ile namna yake ya kuinuka kwa awamu, karanga zikamwagika, akauburuta mguu mpaka kwa baba, akaiweka simu kiganjani mwake na kuvikunja vidole vya baba juu yake.

Sikuwa na la kufanya ila kwenda kuongeza sauti na kuibonyeza ianze.

Baba alishtuka kama mtu aliyeguswa. Aliisogeza sikioni mpaka ikagusa ndevu. Ilipoisha nikaianzisha tena, na tena, mama amesimama pale ameshika ukuta.

"Mbona anaongea Kiswahili?" akauliza.

Nikamwambia siku ile alikuwa anaongea na watu.

Akasikiliza zaidi. Nilimwona anakunja paji la uso, anaigeuza simu, anaipeleka sikio la pili.

"Na hawa wanaocheka ni akina nani?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi, kitenge bado mdomoni. Nikasema ni watu tu.

"Walikuja hapa nyumbani?"

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa. Ikaanza tena, akaifinya sikioni kwa mikono miwili, na akainua kidole kuelekea mahali nilipokuwa.

"Waambie wanyamaze kidogo," akasema. "Mama yako anaongea."